Kamusi Ndani, Sauti Nje: Historia Fupi ya Mahali pa Kujifunzia Pamoja katika Maktaba za Vyuo Vikuu

UTANGULIZI

Tulipokuwa wanafunzi wa mwaka wa pili, chuo chetu kilikuwa na nakala moja tu ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotolewa na TUKI mwaka 1981. Nakala hiyo ilikaa maktaba kuu, katika rafu ya vitabu visivyoazimwa. Jioni moja tulikuwa sita, tukijiandaa kwa mtihani wa mazungumzo. Tuliketi kwenye meza ya pembeni, tukafungua kamusi na kuanza kuulizana maswali kwa sauti ya chini. Hazikupita dakika kumi, mkutubi akatusimamia.

"Ninyi watu wa Kiswahili," alisema, "sheria mnazijua. Tokeni nje mkazungumze."

Tukatoka, tukaketi chini ya mwembe. Kamusi ikabaki ndani. Basi ikawa kila tulipokwama kwenye neno, mmoja wetu alitumwa kuacha mfuko mlangoni, kuonyesha kitambulisho, kulitafuta neno lile, kulinakili kwenye kikaratasi na kurudi mbio. Mara nyingine alirudi na maana akakuta sisi tumekwisha kuisahau sentensi tuliyokuwa tukibishania.

Hatusimulii haya kwa kumlaumu mkutubi yule. Alifanya kazi kama alivyofundishwa, na kulikuwa na wasomaji wengine waliohitaji utulivu. Lakini kisa kile kinaonyesha kwa ufupi tatizo ambalo maktaba za vyuo vikuu zimekuwa zikihangaika nalo kwa zaidi ya miaka thelathini sasa. Kamusi ilikuwa ndani, sauti ilikuwa nje, na mwanafunzi wa lugha alihitaji vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mwaka huu maktaba hiyohiyo imeiandikia idara yetu barua. Inakusudia kugeuza ghorofa ya chini kuwa mahali pa kujifunzia pamoja, na inatuuliza ni vitabu gani vya Kiswahili vinaweza kuhamishiwa ghalani ili kupisha meza. Kabla hatujajibu, tumeona ni vyema tujikumbushe sisi wenyewe, na kuwaeleza wanafunzi wetu, mabadiliko haya yametoka wapi, yamebadilisha nini katika huduma za maktaba, na sisi walimu wa lugha tuna nafasi gani ndani yake.

SUALA LA ISTILAHI

Tuanze na jina. Wakutubi wa nchi zinazosema Kiingereza walichukua neno la kale lililomaanisha malisho ya kijiji, yaani ardhi isiyo ya mtu mmoja ambako wanakijiji waliruhusiwa kulisha mifugo yao. Wakalipa neno hilo maana mpya: ukumbi ambamo vitabu, kompyuta, wakutubi na wanafunzi hukutana, na ambao hakuna idara inayoweza kusema ni wake peke yake.

Katika makala haya tunatumia maneno "mahali pa kujifunzia pamoja". Tunakiri kwamba hayo ni maelezo zaidi kuliko istilahi. Kiswahili kinalo neno lingine lililo karibu zaidi, nalo ni baraza. Katika miji ya Lamu, Mombasa na Unguja, baraza ni kile kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba. Mgeni huketi pale bila kuingia ndani kwa wenyewe. Jirani hupita akajiunga na mazungumzo. Watu husoma, hubishana na kucheza bao. Ni mahali palipo kati ya nje na ndani. Upungufu wa neno hili ni kwamba limekwisha kubebeshwa maana ya mikutano ya viongozi na vikao vya mawaziri. Tunaliacha mbele ya wanaistilahi, nao waamue.

KIMYA KILITOKA WAPI?

Wanafunzi wengi hudhani kwamba maktaba ilizaliwa kimya. Sivyo. Katika Ulaya ya kale watu wengi walisoma kwa kutamka maneno, hata walipokuwa peke yao, na desturi ya kusoma kwa macho tu ilienea polepole. Kitabu kilipokuwa mali adimu, kazi ya kwanza ya maktaba ilikuwa kukilinda. Katika baadhi ya maktaba za Uingereza vitabu vilifungwa minyororo kwenye rafu, na mpaka leo mtu anaweza kuiona minyororo hiyo katika kanisa kuu la Hereford. Msomaji ndiye aliyekifuata kitabu, akakisomea palepale kilipofungwa.

Baadaye vitabu viliongezeka na kumbi za kusomea zikawa kubwa. Ukumbi wa duara wa British Museum mjini London, uliofunguliwa mwaka 1857, uliwapa wasomaji wengi nafasi chini ya kuba moja, lakini kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya meza na kazi yake mwenyewe. Watu walikuwa pamoja bila kufanya kitu pamoja. Kimya kilikuwa ndiyo adabu iliyowawezesha wageni mia kadhaa kukaa chumba kimoja bila kusumbuana.

Scott Bennett, aliyekuwa mkutubi mkuu wa Chuo Kikuu cha Yale, aliigawa historia hii katika makala yake ya mwaka 2009. Alisema kwamba maktaba za vyuo zilianza kwa kujengwa kumzunguka msomaji, zikaja kujengwa kuzunguka vitabu pale vilipozidi kuwa vingi, na sasa zinatakiwa kujengwa kuzunguka kitendo cha kujifunza. Tunaona mgawanyo huo unasaidia, ingawa ulitokana na maktaba za kwao. Kwetu mambo yalikwenda kwa mpangilio mwingine.

MAKTABA ZA AFRIKA MASHARIKI

Vyuo vikuu vya kwanza vya ukanda huu vilipokea maktaba pamoja na kanuni zake. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Pamoja na mitaala na majoho, vyuo hivi vilirithi pia ukumbi wa kusomea wa Kiingereza: meza ndefu, saa ukutani, na kidole cha mkutubi kwenye midomo.

Si kwamba maktaba hizi hazikufanya kazi kubwa. Tangu mwaka 1958 maktaba ya Makerere imekuwa na haki ya kisheria ya kupokea nakala za machapisho yanayotolewa Uganda. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, ilikuwa na makao yake hapo Makerere tangu mwaka 1952 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya kuhamishwa na hatimaye kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili huko Dar es Salaam. Maktaba ya Dar es Salaam nayo ilikusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, na orodha ya miswada hiyo iliyotayarishwa na J. W. T. Allen ilichapishwa mwaka 1970.

Orodha hiyo ya Allen ina jambo moja ambalo walimu wa lugha hawana budi kulitazama kwa makini. Haikuorodhesha miswada peke yake; iliorodhesha na kanda za sauti. Allen alielewa kwamba utenzi ni kitu cha kusikika, na kwamba karatasi pekee haitoshi. Kwa hiyo sauti ya Mswahili iliingia maktaba mapema sana. Lakini iliingia ikiwa hifadhi, imo ndani ya kanda, na kanda imo ndani ya sanduku. Maabara za lugha zilizojengwa katika vyuo vingi wakati huo ziliendeleza fikra hiyohiyo: kila mwanafunzi katika kijumba chake, masikio yamefunikwa, akiijibu mashine. Sauti ilikubaliwa mradi isimfikie jirani.

MASOMO NJE YA KUTA

Wakati maktaba ikilinda kimya, masomo ya pamoja yaliendelea mahali pengine. Hili si jambo geni katika utamaduni wa Waswahili. Katika msikiti wa Riyadha huko Lamu, ulioanzishwa na Habib Saleh, na katika misikiti mingine ya pwani, darsa huwa ni duara: mwalimu ana kitabu, mmoja husoma, wengine husikiliza na kuuliza. Kitabu na sauti havitenganishwi.

Vyuo vikuu vilipokuja, wanafunzi walijitengenezea maduara yao. Huko Mlimani, chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika kilichoundwa mwaka 1967, na ambacho kiliongozwa na Yoweri Museveni alipokuwa mwanafunzi huko, kiliendesha madarasa ya itikadi kila Jumapili asubuhi. Wanafunzi kutoka nchi mbalimbali walisoma vitabu ambavyo havikuwa kwenye mitaala yao na kuvijadili kwa ukali. Jarida lao, Cheche, lilipigwa marufuku mwaka 1970. Mtu anaweza kukubaliana nao au kuwapinga, lakini hawezi kukana kwamba sehemu kubwa ya elimu waliyoikumbuka baadaye waliipata katika majadiliano hayo.

Kisha kuna vimbweta. Mgeni akifika Mlimani hachukui muda kabla hajaona meza na viti vya zege vilivyojengwa nje, chini ya miti na kandokando ya majengo. Hivyo ndivyo vimbweta, na neno hilo limeenea katika vyuo vingi vya Tanzania. Pale ndipo makundi ya majadiliano hukutana, pale mwanafunzi aliyeelewa humfafanulia ambaye hakuelewa, na pale madesa hugawanywa siku chache kabla ya mtihani. Huku kwetu tulikuwa na ule mwembe. Hakuna mbunifu majengo aliyelipwa kuuchora.

Kwa hiyo tunaposikia kwamba mahali pa kujifunzia pamoja ni uvumbuzi uliotoka Marekani, tuulize kwanza ni kitu gani hasa kilichovumbuliwa. Kukaa pamoja na kujifunza kwa mazungumzo tulikuwa nako. Ambacho hatukuwa nacho ni ruhusa ya kufanya hivyo mahali vitabu vilipo.

KOMPYUTA YAFUNGUA MLANGO

Ruhusa hiyo ililetwa na mashine. Mwaka 1992 maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ilifungua ukumbi uliojaa kompyuta zenye sauti na picha, uliopewa jina la Information Arcade. Mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Kusini mwa California kilifungua maktaba ya Leavey kwa ajili ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, ikiwa na ukumbi wa aina hiyo na vyumba vya makundi. Mwaka 1999 mkutubi Donald Beagle aliandika makala iliyoeleza jinsi ya kuunganisha katika ukumbi mmoja huduma za marejeleo na huduma za kompyuta.

Kwa nini kompyuta ivunje kimya ambacho kitabu hakikukivunja? Sababu ni za kawaida kabisa. Mashine zilikuwa chache na ghali, hivyo watu wawili watatu waliketi mbele ya moja. Zilikuwa ngeni, hivyo kila mtu alihitaji kuuliza. Tena kazi ilianza na kumalizika palepale: kutafuta, kusoma, kuandika na kuchapa. Mkutubi aliyekuwa amezoea kumwelekeza mtu kwenye rafu alijikuta amesimama nyuma ya kundi la vijana, akieleza kwa sauti.

Uingereza nayo ilifuata. Jengo la Saltire la Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian lilifunguliwa mwaka 2006, likapangwa hivi kwamba ghorofa ya chini ina pilikapilika na mazungumzo, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo utulivu unavyozidi. Chuo Kikuu cha Sheffield kilifungua jengo lake mwaka 2007, likawa wazi usiku na mchana. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Cape Town kilifungua ukumbi wa pamoja wa watafiti mwaka 2008 kwa msaada wa shirika la Carnegie.

Kwetu njia ilikuwa ndefu zaidi. Miaka ya 1980 ilikuwa ya njaa ya vitabu: fedha za kigeni zilikosekana, na usajili wa majarida ulikatwa. Kisha wanafunzi wakaongezeka ghafla. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, na idadi ya wanafunzi wake, iliyokuwa chini ya elfu kumi, ilipita elfu thelathini kufikia katikati ya miaka ya 2000. Viti vya maktaba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Aliyechelewa kuamka alisomea ngazini.

Majarida yalirudi kwa njia ya skrini. Mpango wa HINARI kwa ajili ya sayansi za afya ulianza mwaka 2002, ule wa AGORA kwa ajili ya kilimo mwaka 2003, na mingine ya taaluma nyingine katika miaka hiyohiyo. Lakini ukurasa mmoja uliweza kuchukua dakika kadhaa kufunguka, kwa sababu mtandao ulitegemea setilaiti. Nyaya za chini ya bahari zilipofika pwani yetu, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, hali ilibadilika. Nchi zisizo na bahari kama Uganda na Rwanda ziliunganishwa kwa nyaya zilizopita nchi kavu. Ndipo maktaba zetu zilipoanza kujiuliza swali ambalo Iowa ilijiuliza mwaka 1992: ikiwa majarida yamo kwenye mtandao, nafasi iliyoshikwa na rafu itumiweje?

Jibu kubwa kuliko yote katika ukanda huu lilitolewa Mlimani. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilifunguliwa tarehe 27 Novemba 2018 na Rais John Magufuli. Wakati wa ufunguzi ilielezwa kwamba ina uwezo wa kupokea watu 2,100 kwa wakati mmoja na kuhifadhi vitabu 800,000. Mradi huohuo ulijenga pia ukumbi wa mikutano na makao ya Taasisi ya Confucius, ambayo hufundisha Kichina. Walimu wenzetu wa Kiswahili walitazame hilo. Lugha moja ilipewa chumba chake kando ya maktaba tangu siku ramani ilipochorwa, kwa sababu wenyewe walikuwapo wakati wa kuchora.

HUDUMA ZILIZOBADILIKA

Mabadiliko ya nafasi yamevuta mabadiliko ya kazi. Tunayataja yale tunayoyaona kuwa makubwa.

Kwanza ni meza ya mkutubi. Zamani ilikuwa ndefu na ya juu, nayo iliwatenga watu na vitabu. Katika kumbi mpya meza hiyo imefupishwa, na wakutubi huketi pamoja na mafundi wa kompyuta. Mwanafunzi haambiwi tena kwamba swali lake ni la ofisi nyingine.

Pili ni ufundishaji. Mkutubi sasa hufundisha: namna ya kutafuta, namna ya kupima kama chanzo kinaaminika, namna ya kunukuu bila kuiba. Katika vyuo vingi jambo hili limekuwa somo lenye ratiba. Mkutubi aliyekuwa mlinzi wa mali amekuwa mwalimu mwenzetu, ingawa mara nyingi mshahara na cheo chake havijalifuata jukumu hilo.

Tatu ni sheria. Badala ya sheria moja ya kimya kwa jengo zima, kuna sehemu za mazungumzo, sehemu za sauti ya chini na sehemu za kimya kabisa. Vyumba vya makundi hukodishwa kwa saa bila malipo. Chupa ya maji, iliyokuwa kosa, sasa huruhusiwa.

Nne ni muda na vifaa. Maktaba zimeongeza saa za usiku, hasa karibu na mitihani. Pamoja na saa hizo huja ulinzi, taa za njiani na jenereta. Huku kwetu soketi ya umeme ni huduma ya maktaba sawasawa na kitabu. Mwanafunzi huchagua kiti kwa kuangalia ukuta kwanza.

Tano ni namna ya kupima. Maktaba ilizoea kuhesabu vitabu vilivyoazimwa. Siku hizi huhesabu pia watu walioingia na vyumba vilivyotumika. Kipimo hicho kina faida, lakini kinaweza kudanganya: ukumbi unaweza kujaa watu wanaochaji simu.

Mwaka 2020 kipimo hicho kiliporomoka chenyewe. Vyuo vilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, kumbi zilibaki tupu na huduma zikahamia kwenye mtandao. Wenye kompyuta na data waliendelea, na wasio navyo walikwama. Milango ilipofunguliwa tena, ilionekana wazi kwamba kwa wanafunzi wengi maktaba ndiyo mahali pekee penye meza, mwanga na mtandao.

HOFU ZENYE MSINGI

Wapo wenzetu wanaoyapinga mabadiliko haya, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema kwamba maktaba inageuka kuwa ukumbi wa starehe. Wanasema kwamba kijana wa leo anaishi nyumba ya chumba kimoja na wenzake wanne, hivyo kimya ndicho kitu ambacho hawezi kukipata kwingine. Hoja hii ya pili ina uzito mkubwa. Mtu anayesoma riwaya ndefu kwa mara ya kwanza, au anayejaribu kusoma mswada wa Kiarabu wenye maneno ya Kiswahili, anahitaji saa tatu bila kusumbuliwa. Tukimnyima hizo tutakuwa tumeondoa dhuluma moja kwa kuleta nyingine.

Hofu kubwa zaidi inahusu vitabu vyenyewe. Kanuni inayotumika ni kwamba kitabu kisichoazimwa kwa miaka kadhaa kipelekwe ghalani. Kwa taaluma ambazo majarida yake yote yamo kwenye mtandao, kanuni hiyo haina madhara makubwa. Kwa Kiswahili ni hatari. Riwaya, tamthilia na diwani nyingi zilizochapishwa Dar es Salaam na Nairobi katika miaka ya 1970 na 1980 hazichapishwi tena, wala hazimo kwenye mtandao. Nakala iliyo kwenye rafu yetu inaweza kuwa ndiyo pekee ambayo mwanafunzi wa huku atawahi kuigusa. Tena kitabu kilichoko ghalani hakionwi na anayepitapita mbele ya rafu, na wengi wetu tuliwafahamu waandishi wetu kwa kupitapita hivyo.

Aidha, hesabu ya vitabu vilivyoazimwa haimwoni mwanafunzi aliyesomea palepale. Kamusi yetu ya mwaka ule haikuazimwa hata mara moja, maana ilikatazwa kuazimwa, na ndicho kitabu kilichochakaa kuliko vyote.

WALIMU WA LUGHA TUFANYE NINI?

Wakati huu si wa kawaida kwa Kiswahili. Mwezi Novemba mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba lugha hii ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Shule zitahitaji walimu, na walimu hao watajifunzia katika vyuo kama chetu. Wengi wao hawatoki katika nyumba zinazosema Kiswahili. Hawana sokoni wala jikoni pa kukizungumzia. Kama maktaba haitawapa mahali pa kukizungumza penye kamusi karibu, watafuzu wakiwa wanajua ngeli zote na hawawezi kuagiza chai.

Kwa hiyo idara yetu inakusudia kuijibu maktaba kama ifuatavyo. Mosi, tunaunga mkono ukumbi mpya, na tunaomba chumba kimoja kitengwe kwa mazungumzo ya lugha kwa saa maalumu kila siku, kikiwa na rafu ya kamusi na vitabu vya sarufi humohumo ndani. Pili, hakuna kitabu cha Kiswahili kitakachopelekwa ghalani kabla mwalimu na mkutubi hawajakishika mkononi na kukubaliana. Tatu, ghorofa ya juu ibaki ya kimya kabisa, na sheria hiyo isimamiwe. Nne, mabango, maelekezo na mafunzo ya maktaba yatolewe kwa Kiswahili pia, na idara iko tayari kuyatafsiri bila malipo. Tano, tunaomba tuwemo katika kamati ya ujenzi sasa, ramani ikiwa bado ni karatasi.

Wanafunzi nao wana sehemu yao. Ruhusa ya kuzungumza siyo ruhusa ya kupiga kelele. Duara la darsa lina adabu yake: mmoja anaposema wengine husikiliza. Baraza nalo lina adabu yake: aliyeketi humsogezea nafasi anayefika. Ukumbi mpya ukigeuzwa kijiwe cha soga, wakutubi watarudisha kidole kwenye midomo, na hatutakuwa na la kujitetea.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kimya cha maktaba kilikuwa na sababu zake, kwamba wanafunzi wetu walijitengenezea mahali pa pamoja nje ya kuta muda mrefu kabla ya kuruhusiwa ndani, na kwamba kompyuta, nyaya za baharini na wingi wa wanafunzi ndivyo vilivyoilazimisha maktaba kufungua mlango. Tumeona pia kwamba samani mpya hazitoshi. Huduma hubadilika pale mkutubi na mwalimu wanapoketi meza moja.

Mkutubi yule aliyetutoa nje amekwisha kustaafu. Siku za mwisho za muhula ule alitoka mwenyewe wakati wa magharibi, kabla ya kufunga milango, akasimama penye mwembe na kamusi mkononi. "Nusu saa tu," alituambia, "nami nitakaa hapahapa." Akaketi nasi kwenye mzizi, akawa anatufungulia maneno mpaka giza likatuzuia kusoma. Alikuwa akivunja sheria, na alikuwa akitoa huduma ambayo chuo kingechukua miaka mingi kuifikiria. Mwembe ule bado upo. Barua ya maktaba inataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Walimu na wanafunzi wenye maoni wayalete idarani kwa maandishi, kila mmoja akitaja kwa jina vitabu ambavyo angependa vibaki kwenye rafu.